Mama Alikataa Kufumua

Wiki iliyopita mwanangu alirudi kutoka mazoezini na suruali yenye magoti mekundu. Niliiloweka kwenye beseni, nikamimina siki, na ile harufu ikapanda: siki, udongo uliolowa, na kitu kinachofanana na chuma. Nilisimama jikoni mkono ukiwa ndani ya maji mpaka mwanangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama naumwa.

"Siumwi," nikamwambia. "Nimemkumbuka bibi yako, siku zile alipokuwa mkaidi kuliko mji mzima."

Wenzangu tuliokulia huku, kati ya Minneapolis na Saint Paul, tukiwafasiria wazazi wetu barua za shule na fomu za hospitali, mtanielewa. Tuliwazoea wazazi wanaoitikia kwa kichwa na kusema "yes, yes" kwa kila mwenye tai. Kisha inakuja siku mtoto anagundua kwamba mzazi wake anajua pia kusema hapana. Mimi nililigundua hilo mwisho wa kiangazi kimoja, ndani ya chumba cha kufulia kisicho na dirisha.

Mama alikuwa anafua jezi za timu ya besiboli. Sisemi ile kubwa ya katikati ya jiji. Hii ilikuwa timu ndogo, ya kulipwa ndiyo, lakini wachezaji wake walilala wawili wawili katika vyumba vya kupanga na kula mikate ya soseji iliyobaki baada ya mechi. Uwanja wao ulikuwa nyuma ya maghala, safari ya basi moja kutoka kwenye fleti yetu ya Columbia Heights. Kazi ile Mama aliipata kwa msaada wa Auntie Nyaboke, jirani yetu wa ghorofa ya chini, nesi kutoka Kenya. Auntie alikuwa amemuuguza mama mzazi wa Walter, na Walter ndiye aliyekuwa mtunza vifaa wa timu, mzee mrefu mwenye nyusi nyeupe, asiyesema maneno matano kama manne yanatosha.

Kule Uvira, Kongo, Mama alikuwa fundi cherehani mwenye jina. Katika kambi ya wakimbizi Kigoma, nilikozaliwa mimi, alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu iliyokopeshwa na kanisa. Kwa hiyo Walter alipomwonyesha mashine tatu za kufulia, meza, na cherehani kuukuu ya umeme kwenye kona, Mama alizipita mashine zote za kufulia akaenda kuigusa ile cherehani. Alifungua kifuniko chake, akapuliza vumbi, akamwambia Walter kwa Kiswahili, "Hii imelala na njaa. Niletee mafuta." Walter akaenda kuleta mafuta. Mpaka leo sijui alielewaje.

Shule zikifungwa nilikuwa naenda naye. Nilikaa juu ya sanduku la taulo, nikimtazama Mama akimimina siki, na suruali zikiingia nyekundu na kutoka nyeupe. Kwa muda mrefu niliamini kwamba wale wanaume ni wakulima. Nani mwingine anarudi kutoka kazini na udongo magotini, viwikoni, mpaka ndani ya mifuko? Nilijua kulima ni kazi ya kupiga magoti, maana nilimwona bibi yangu akipalilia maharage kambini. Niliwahurumia. Niliwaza, wamekuja Marekani kama sisi, na bado wamepewa jembe.

Na kwenye vifua vya jezi zao ndipo nilipojifunza kusoma. Mama alikuwa anazikagua moja moja, na kila herufi iliyolegea aliishona upya huku mimi nikiitaja. M. I. N. N. Herufi kumi na moja za kitambaa cha buluu, zimepangwa kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Mama naye alikuwa anajifunza. Alipitisha kidole juu yake na kutamka, "Mi-nia-po-lisi," na mimi nikacheka, naye akanipiga kibao chepesi cha mgongo. "Cheka tu," alisema. "Mimi ndiye ninayeushika mji huu usianguke."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoleta taabu.

Habari ilikuja kupitia televisheni, wakati tunakula. Mwanamke mwenye nywele ngumu alisema timu yetu inahama. Imenunuliwa, na mwaka ujao itacheza katika mji wa kusini. Niliona uwanja wetu kwenye skrini, na lango la nyuma ambalo Mama na mimi tulipitia kila siku. Mama aliacha kijiko.

"Wanahamishwa," alisema Papa. Tulimwita Papa, kama Wakongo wengi. Alikuwa anawahudumia wazee katika nyumba ya wazee kule Saint Louis Park, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi.

"Nani anawafukuza?" nikauliza.

"Hakuna anayewafukuza. Mwenye timu ameiuza."

"Ameuza watu?"

"Hapana, Faida. Timu."

"Timu si ni watu?"

Papa alinitazama, akaitazama televisheni. "Bon, basi. Kula, mtoto."

Mimi kuhama nilikujua vizuri. Kunaanza na jina lako kubandikwa ukutani. Unapimwa kifua na macho, unapewa mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi, unaambiwa usiufungue mpaka ufike, na bibi yako anabaki nyuma ya uzio kwa sababu jina lake halikubandikwa. Kesho yake nilimfuata mchezaji mmoja kijana kutoka Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa ananipa bazoka za kutafuna, nikamwuliza kama ameshapimwa kifua. Alidhani natania. Akakohoa kwa nguvu, akapiga kifua kama ngoma, akaenda zake akicheka. Nikawaza, maskini, hajui.

Siku chache baadaye, timu ikiwa safarini, alikuja mtu wa wamiliki wapya. Aliitwa Brent, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na simu mbili. Auntie Nyaboke hakuwa kazini siku hiyo, na Walter alikuwa amemwomba aje kufasiri. Brent alieleza kwa adabu. Kutakuwa na mechi moja tu ya mwisho nyumbani, Jumapili. Jezi ni nzuri bado, hakuna haja ya kununua nyingine. Mama afumue jina la mji kwenye jezi zote thelathini na kuweka herufi kando; huko kusini watashona jina lao. Aanze leo na zile ambazo hazitavaliwa, na zilizobaki azimalize Jumapili baada ya mechi. Tena, alisema, Walter anamsifu sana. Akitaka, kuna kazi huko kwa ajili yake, na nyumba ya kuanzia. Familia nzima ihame.

"Mama Faida, hiyo ni offer poa sana," Auntie aliongeza kwa Kiswahili. "Huko hakuna snow hata kidogo."

Mama aliitikia kwa kichwa. "Yes, yes," alisema. Brent akaondoka ameridhika.

Mama alichukua jezi ya kwanza, akailaza mezani, akatoa kile kisu kidogo cha kufumulia. Alikuwa fundi, kazi ni kazi. Alikata uzi wa M kidogo kidogo, tik, tik, tik, akaibandua. Chini yake kitambaa kilikuwa na rangi ya zamani, nyeupe kuliko pengine kote, na vitundu vya sindano vimezunguka. M ikaanguka sakafuni karibu na mguu wangu.

Nilipiga kelele ambayo Walter aliisikia kutoka ofisini kwake.

"Wee mtoto! Umechomwa na nini?" Mama akauliza.

"Usiutoe mji!" nilikuwa nalia. "Ukiutoa tutapandishwa ndege! Ulisema wewe ndiye unayeushika!"

Mama hakucheka. Ningekuwa mimi leo, na mwanangu, ningecheka, halafu ningemkumbatia na kumfafanulia kwamba kitambaa ni kitambaa. Mama aliinama akaiokota M, akaifuta kwa kanga yake, akaikalisha kwenye kiganja. Mashine moja ya kufulia ilimaliza mzunguko wake ikanyamaza, naye hakuinuka kuifungua.

"Leo tunafunga mapema," alisema mwishowe.

Jioni Papa aliposikia habari ya nyumba na kazi, uso wake ulifunguka. Goti lake lililovunjika zamani, njiani wakikimbia, lilikuwa linaingiwa na baridi ya huku kama maji kwenye chungu chenye ufa. Alianza kuhesabu kwa vidole: hakuna theluji, hakuna mabasi mawili, pengine bustani ya mihogo.

"Mi sihami," Mama alisema.

"Mama Faida, sikiliza kwanza."

"Nimesikiliza. Uvira nilitolewa na watu wenye bunduki. Kambini nilitolewa na watu wenye karatasi. Mara zote mbili nilisema ndiyo kwa sababu hapana haikuwepo. Safari hii ipo. Niache niitumie."

"Utaitumia kwa ajili ya timu ya Wazungu? Hata kanuni za mchezo huzijui!"

"Sijui kanuni. Najua mtu anaponipa kisu na kuniambia nifute mahali ninapoishi, halafu nifunge mizigo nimfuate. Hilo nalijua vizuri kuliko yeye."

Papa aliinuka akaenda kusimama kwenye veranda ndogo. Aliporudi chakula kilikuwa kimepoa, na hakukila. Wazazi wangu hawakuwa watu wa kugombana, na mimi nililala nikijua kwamba mimi na ile kelele yangu ndio tuliovunja kitu.

Kesho yake Mama alimwomba Auntie Nyaboke arudi naye uwanjani. Brent alikuwa huko akihesabu magongo na kofia pamoja na Walter. Mama alisimama mbele yake, mikono imefungwa juu ya kanga, akasema kwa Kiswahili bila haraka:

"Mwambie sitafumua. Hata moja. Ile niliyoitoa jana nairudisha. Anayetaka jina la mji huu litoke, alitoe kwa mkono wake mwenyewe. Na kule kwao siendi."

Auntie akamgusa Mama bega. "Mama Faida, usim-refuse hivyo. Utapoteza hii job, and then?"

"Mwambie."

Auntie akamgeukia Brent na kutabasamu. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba Mama anamshukuru sana kwa nafasi hiyo, na angependa mno kusaidia, ila macho yake yanamsumbua kidogo siku hizi.

Mama alilijua neno la macho kwa Kiingereza. "Macho yangu yameingiaje hapa?" aliuliza.

Brent alikuwa tayari anasema pole, na kwamba atamtafutia taa nzuri zaidi. Tangu nianze shule huku, mbele za watu nilikuwa nikijibu Kiswahili cha Mama kwa Kiingereza, na madukani nilitembea hatua tatu mbele yake ili nisionekane naye. Siwezi kuwaeleza kilichonisukuma. Nilishuka kwenye sanduku la taulo.

"She said no," nilisema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nikarudia kwa nguvu. Kisha nikayasema yote, neno kwa neno: hatafumua hata moja, aliyoitoa anairudisha, mwenye kutaka afumue kwa mkono wake, na kule kwenu haendi. Mwisho nikaongeza la kwangu. "And her eyes are fine."

Auntie alijishika kinywa. Walter aligeuka akaangalia ukuta, mabega yakimtikisika. Brent alinitazama, akamtazama Mama, na kwa mara ya kwanza nadhani alimwona. Hakukasirika, ni haki niseme hivyo. Alisema basi, yeye atatafuta fundi huko huko kusini. Mama afue na kurekebisha jezi kwa ajili ya Jumapili kama kawaida, na Jumapili iwe siku yake ya mwisho.

Nilifasiri. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akainua kidole. "Amesema nirekebishe?"

"Ndiyo. Kama kawaida."

"Mwambie asante. Nitarekebisha."

Kama mnamfahamu fundi, mnajua sauti ya fundi aliyepata kazi anayoipenda. Brent alipoondoka, Mama alimwomba Walter uzi wa nailoni, ule wanaoshonea mahema. Walter aliondoka na gari lake kuukuu, akarudi na roli sita. Akaiweka mezani, akavuta kiti, akakaa mlangoni akisoma gazeti, na siku tatu zile hakuna mtu aliyeingia chumba kile bila kumpita yeye.

Mama alianza na ile M. Aliirudisha mahali pake, kwenye vitundu vile vile, akaipiga mshono mara mbili. Kisha akaipiga mara ya tatu, mishono midogo iliyosongamana kama mchanga. Akaendelea na I. Akamaliza jezi ile, akachukua nyingine. Herufi kumi na moja, jezi thelathini. Alikuwa anashona herufi na kitambaa mpaka vikawa kitu kimoja; ukitaka kuondoa jina, uondoe na kifua. Mimi nilikata nyuzi na kutaja herufi. Sindano nne zilivunjika. Vidole vyake vilivimba, akavitumbukiza kwenye maji ya barafu ambayo wachezaji walitumia kwa mabega yao, akarudi mezani. Nilipomuuliza kama sasa mji hauwezi kutoka, alisema, "Wajaribu kuutoa. Tutaona nani atachoka kwanza."

Jumapili tulikaa kwenye viti vya mashabiki kwa mara ya kwanza, Mama, Papa na mimi. Papa alikuja amevaa koti la kanisani. Ndipo nilipoona kwamba wale wanaume hawakuwa wakulima hata kidogo. Yule kijana wa Dominika alipiga mpira, akakimbia kama mwizi, akajitupa kwa tumbo kwenye ule udongo, vumbi likamfunika, akainuka mikono juu, na watu wakapiga mayowe. Nilighadhabika.

"Kumbe wanajichafua kwa makusudi!"

"Ndiyo," Mama alisema. "Miaka miwili nawafulia." Lakini alikuwa anapiga makofi.

Tulifungwa. Watu hawakutoka. Walisimama kwenye viti wakiimba na kugonga mabati, wazee kwa watoto, mpaka taa zikaanza kuzimwa upande mmoja, na bado waliendelea upande uliobaki na mwanga. Papa, aliyeuliza mara tatu kama mechi imekwisha, alikuwa anagonga bati pamoja nao.

Mama alizifua jezi zile mara ya mwisho, akazikunja vifua vikiwa juu, akazipanga kwenye masanduku. Brent alimshika mkono na kumshukuru. Akamwambia jezi zinaonekana imara sana. "Yes, yes," Mama alisema.

Sitawadanganya kwamba ukaidi unajaza sufuria. Timu iliondoka. Uwanja ukafungwa kwa minyororo. Mama alikaa bila kazi majira yote ya baridi, akiwashonea watu zipu za makoti juu ya meza yetu ya kulia, cherehani ya mkono ikisukumwa kando kila chakula kinapoiva. Papa alikwenda Saint Louis Park na mabasi yake mawili, goti likimuuma, na hakulalamika, jambo lililokuwa baya kuliko kulalamika. Walisemezana mambo ya chumvi na bili tu. Auntie Nyaboke alileta ugali na samaki, akamwangalia Mama, akasema, "Si nilikwambia?" Mama akamwambia samaki ni mtamu.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, simu ililia Ijumaa moja wakati wa chakula. Alikuwa Walter. Alikuwa amekwenda kusini kuwafungulia vifaa na kuwaachia, kisha arudi kwao. Mama aliweka simu kwenye spika, nikafasiri.

Walter alitumia maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema fundi wa huko alianza na jezi ya kwanza, na ilipasuka kutoka kola hadi tumboni. Ya pili pia. Ya tatu walimpa mtu mwingine mwenye mkasi, na M ilitoka na kipande cha kifua. Jezi mpya zimeagizwa, bado hazijafika. Leo walicheza mechi ya kirafiki ya kufungua uwanja, mbele ya meya wa mji mpya na bendi ya shule, wachezaji wote wameandikwa Minneapolis. Mtangazaji alijaribu kueleza, akashindwa.

Nilimaliza kufasiri. Nilimwangalia Papa. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, nikadhani analia. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akashika ukingo wa meza, akacheka tena. "Mbele ya meya!" alisema. "Wee mwanamke! Mbele ya meya!"

Asubuhi ya Jumamosi alitoka bila kusema anakwenda wapi. Alirudi mchana na kijana wa kanisani, wamebeba meza ya mbao kati yao, nzito, yenye droo pembeni, imenunuliwa kwenye duka la vitu vilivyotumika. Walipanda nayo ngazi wakigonga kuta. Papa aliondoa sofa yetu kutoka kwenye dirisha pekee linaloingiza jua, akaisukuma kwenye kona, akaiweka meza pale.

"Bon," alisema, akihema. "Kama hatuhami, fundi anahitaji mahali pa kukaa."

Mama alifuta mikono. Alivuta kiti, akakaa, akaweka viwiko juu ya meza na kutazama nje, kwenye maegesho na theluji chafu iliyobaki.

"Iko chini sana," alisema.

Papa alivaa tena koti lake, akashuka kutafuta vipande vya mbao vya kuiinua.